Figo Zilizochoka

Kila asubuhi Kadogo aliwasha jiko na kuchemsha chai ya vikombe viwili. Tangu mama yake aende kufanya kazi mbali, nyumba ilikuwa ya watu wawili tu, yeye na bibi yake. Bibi akilala mchana, nyumba ilinyamaza kabisa. Upweke ulimwuma, ila hakuwa na wa kumwambia.

Jumanne hiyo hakwenda shule. Alimsindikiza bibi hospitali kupigwa picha ya tumbo kwa mashine kubwa. Dada wa chumba cha picha aliwapokea akiwa na fomu mkononi.

"Shikamoo, bibi. Tutakuchoma dawa kwenye mshipa ili picha ionekane vizuri. Una ugonjwa wa figo?"

"Marahaba. Sina, mwanangu. Mimi mzima, ni hili tumbo tu linanichezea shere."

Kadogo alishtuka. Mwezi uliopita, daktari wa kliniki alisema mbele yake kwamba figo za bibi zimechoka. Lakini njiani bibi alikuwa amemkanya asiingilie wakubwa wakiongea. Yule dada aliweka alama kwenye fomu, akaenda kuchukua sindano. Bibi akidhurika, Kadogo angebaki na nani?

"Dada, samahani," alisema. "Daktari alisema figo zake zimechoka."

"Wee! Nani kakuuliza?" Bibi alimkazia macho. "Kuchoka nako ni ugonjwa? Mbona miguu yangu imechoka na hakuna anayeipiga picha!"

Yule dada alicheka, lakini sindano aliiweka chini. "Bibi, figo zikichoka maana yake hazifanyi kazi vizuri. Na figo ndizo zinazoitoa dawa hii mwilini. Zikiwa dhaifu sana, inaweza kuzidhuru zaidi."

Bibi alipimwa damu. Majibu yalipotoka, daktari aliamua apigwe picha bila dawa, na ikatosha. Kilionekana kijiwe kwenye njia ya mkojo, ugonjwa wenye tiba.

"Hospitali semeni kila mlichoambiwa, hata mkiona ni kidogo," dada yule aliwaambia. "Na mtoto akijua jambo la hatari, aseme."

Walipokaa kwenye benchi kusubiri dawa, bibi alimgeukia. "Uliogopa nini, mjukuu wangu?"

"Kubaki peke yangu."

Bibi alimshika mkono, machozi yakimlengalenga. "Kumbe tunaogopa kitu kimoja," alisema.