Mkia wa Pazia

Duka la vyombo vya umeme lilikuwa limejaa Jumamosi ile, na nusu ya waliolijaza hawakuwa na nia ya kununua chochote. Walisimama mbele ya ukuta wa televisheni, zote zikionyesha tamthilia moja, Mikia Mitatu, ile ya wasichana watatu wa sekondari ambao yeyote kati yao akisema uongo anageuka nguva papo hapo. Kwenye kila kioo, nguva yule yule alikuwa akijiburuta sakafuni katika maktaba ya shule.

"Huyu nguva ana zipu," alisema mwanamume mmoja mrefu, shati la kitani limemkunjamana mwilini, mkononi kashika waya wa umeme aliokuja kuununua. "Ubavuni pale. Angalieni."

"Ulitaka aingieje humo?" sauti ikamjibu kutoka nyuma. "Kwa dua?"

Aligeuka. Mwanamke aliyemjibu alivaa gauni la kijani lililomkaa utadhani alizaliwa nalo, utepe wa kupimia umening'inia shingoni, kakumbatia boksi la pasi mpya. Watu wawili watatu walicheka. Mwanamume naye alicheka, jambo ambalo yule mwanamke hakulitarajia.

"Nimekosa," alisema. "Lakini zipu ipo."

"Ipo. Niliiweka mimi."

Mwanamume akasogelea kioo kuitazama upya ile zipu. Alikuwa mwandishi wa gazeti, kila Ijumaa akieleza wasomaji kipi kinafaa kutazamwa na kipi kinapoteza umeme bure. Mwanamke alikuwa fundi cherehani aliyeshona mikia yote ya tamthilia ile. Walitoka dukani wakibishana kuhusu magamba, na walipoagana mlangoni kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Wakaanza kupigiana simu. Kila sehemu mpya ilipokwisha, simu ya fundi iliita kabla majina ya waigizaji hayajamaliza kupita.

"Haya, Bwana Kasoro," alipokea siku moja. "Leo umeona nini?"

"Yule adui wao anacheka mno. Mtu mbaya wa kweli hana nafasi ya kucheka hivyo."

"Nyingine."

"Ile lulu yao imepotea tena. Hivi hawana hata kabati lenye kufuli? Na yule kijana wanayempenda wote watatu, kazi yake ni kusimama kwenye upepo tu."

"Na wanafunzi umewaonaje?"

"Wanafunzi wana ndevu, mpenzi."

Fundi akaweka sindano chini.

"Umesemaje?" fundi akauliza.

"Nimesema wana ndevu."

"Baada ya hapo."

"Mpenzi."

"Haya. Endelea."

"Nimemaliza kasoro."

"Na uzuri wake je? Au hauna?"

"Uzuri huwa naubakisha. Hata sahani ya chakula, kinofu kizuri nakiacha cha mwisho. Mama yangu alinisema kwa hilo mpaka akachoka."

Fundi alikuwa na ugonjwa wa upande wa pili: hakufika mwisho wa kitu. Tamthilia aliyoishonea kwa mikono yake hakuwahi kuimaliza hata sehemu moja. Mshono wake ukivimba kidogo tu kwenye kioo, aliinuka akatoka. Hata simu alikata kabla mtu hajamaliza kusema kwaheri, na mwandishi alizoea kubaki na "usiku mwe" mdomoni.

Jioni moja mwandishi alimfuata kwenye chumba chake cha kushonea, jirani na saluni ya shangazi yake. Magamba ya kitambaa yalikuwa yametapakaa mezani, na dirisha lilikuwa wazi, halina kitu.

"Pazia lako liko wapi?" aliuliza.

Fundi alisimamisha cherehani. Alimtazama kwanza, kama anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

"Unaikumbuka ile sehemu ya kituo cha basi? Ule mkia wa msichana mdogo?"

"Naikumbuka vizuri sana."

"Siku ya kurekodi mkia ulichanika, kiunoni mpaka chini. Maduka ya vitambaa yamefungwa, waigizaji wanasubiri. Nikarudi hapa nikashusha pazia, nikalichora magamba kwa rangi. Mtayarishaji hajui mpaka leo. Usimwambie mtu."

"Simwambii mtu," alisema mwandishi. "Tena wewe una heri, ulikuwa na pazia la kushusha. Mimi dirisha langu nimeliziba kwa magazeti."

Fundi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kipande cha mkia. Mwandishi akajua pale pale kwamba amepatikana, na hakufanya jitihada yoyote ya kujinasua.

Kosa lake lilitokana na mapenzi hayo hayo. Ilipofika zamu ya kuandika kuhusu Mikia Mitatu, aliandika kwa moyo wote. Kasoro alizipanga juu, kama desturi yake: adui anayecheka, lulu isiyotulia, wanafunzi wenye ndevu. Sifa zote akaziweka chini, na katikati, kama daraja la kumvusha msomaji, akaliweka pazia. Alijiambia kwamba kulisifu jambo si kutoa siri. Na alisahau kile ambacho kila mtu wa gazeti anakijua tangu wiki ya kwanza kazini: ukurasa ukibana, habari hukatwa kuanzia chini. Mchana likaja tangazo la magodoro, la nusu ukurasa. Mhariri akakata.

Shangazi ndiye aliyeisoma makala ile kwa sauti saluni, bila kujua anasoma nini. "'Na mkia wa mdogo wao, katika sehemu ya kituo cha basi, ni pazia la dirishani.' Basi, imeishia hapo. Chini kuna magodoro." Aliinua macho. Binti wa kaka yake, fundi, alikuwa amesimama mlangoni, sindano mkononi, uso umembadilika.

Simu aliipiga mwenyewe. Hakusalimia.

"Pazia," alisema.

"Nisikilize, mpenzi. Wamekata. Chini yake kulikuwa na..."

"Uliniahidi."

"Nilikuwa nakusifu."

"Mtayarishaji kanipigia asubuhi hii. Anauliza kama alinilipa kushona mikia au kushusha mapazia. Mikia ya msimu wa pili anatafuta fundi mwingine. Hata ungenisifu mpaka ukakauka koo, pazia lile lilikuwa langu kulisema."

"Ni kweli, lakini ngoja nimalize..."

Alikata. Safari hii mwandishi alipompigia, hakupokea tena.

Mwandishi aliumia, na alistahili kuumia. Kwa siku kadhaa alimlaumu mhariri, akayalaumu magodoro, na alipokosa wa kumlaumu akabaki na nafsi yake. Fundi naye hakugusa cherehani. Jambo lililomkera zaidi ni kwamba kila sehemu ya tamthilia ilipokwisha, alijikuta ameshika simu.

Wakati huo huo, wasomaji walitaka kuliona hilo pazia. Walipiga simu kituo cha televisheni kwa wingi, mpaka kituo kikatangaza marudio ya ile sehemu, Jumamosi alasiri. Saluni ya shangazi ikajaa wasichana waliosukwa nusu nusu. Mwandishi akaingia, kanyoosha shati kwa mara ya kwanza tangu alinunue.

"Umefuata nini?" fundi aliuliza kutoka pembeni.

"Nimekuja kusema nimekosa. Siyo mhariri, ni mimi. Ulinipa siri, nikaifanya mapambo ya maandishi yangu."

Shangazi alimpima juu mpaka chini. "Umemaliza?"

"Bado, shangazi. Namwomba aitazame hii mpaka mwisho. Akiisha kuitazama, akinifukuza nitaondoka."

"Basi kaa pale kwenye mashine ya kukaushia. Na wewe, binti, keti."

Fundi aliketi kwa sababu ya shangazi. Vipande vya sehemu ile alivishuhudia siku ya kurekodi, lakini vilirekodiwa juu chini, mwisho kabla ya mwanzo, na yeye macho yake yote yalikuwa kwenye mishono. Kwenye kioo, msichana mdogo alimdanganya mama yake kwa simu, kituoni, mchana kweupe, na mkia ukamtoka mbele za watu. Watu wakamzunguka. Wengine walicheka. Alijaribu kuuficha kwa begi la shule, na begi halikutosha. Rangi ya pazia ilionekana wazi. Fundi aliiona, akashika mikono ya kiti ili ainuke.

"Bado kidogo," mwandishi alisema taratibu.

Kisha, kwenye kioo, marafiki wawili wa yule msichana wakaja mbio. Hawakumficha wala kuwafukuza watu. Walikaa naye kwenye benchi, mmoja huku na mmoja huku. "Mimi sijawahi kuogopa kitu," akasema wa kwanza. Ulikuwa uongo, na mkia ukamtoka. "Mimi najipenda nilivyo," akasema wa pili, naye wake ukamtoka. Wakakaa hivyo, mikia mitatu kwenye benchi la kituo cha basi, na waliokuwa wakicheka wakakosa wa kumcheka.

Shangazi aliacha kusuka. Msichana mmoja mwenye nywele nusu alikuwa akilia waziwazi, na hakuna aliyekuwa akiliangalia pazia. Fundi alilia pia. Ile mikia mitatu alikuwa ameishona mwenyewe na hakuwahi kujua ilikuwa ya kazi gani.

"Hiki ndicho walichokikata," mwandishi alisema. "Niliandika kwamba lulu ipotee wanavyotaka, adui acheke mpaka apasuke, tamthilia iliyowaonyesha mabinti benchi lile nitaitazama na kasoro zake zote. Na kwamba aliyeshusha pazia lake ili mtoto yule asikae pale bila mkia, alikuwa amekaa naye kwenye benchi."

Simu ya fundi iliita. Alikuwa mtayarishaji, ambaye bila shaka naye alikuwa ametoka kuitazama. Akaiacha iite.

"Atapiga tena," alisema. "Wewe una lingine?"

"Ninalo. Ila nilitaka kwanza nikueleze kwamba mimi ni mtu wa..."

"Hapana," alimkatiza. "Safari hii anza na mwisho."

Mwandishi alivuta pumzi. Wasichana waligeuka wote, shangazi akiwa wa kwanza.

"Nataka tuoane."

"Sasa nitajie kasoro zangu."

"Huna hata moja."

Fundi aliinama akamtazama miguuni, kwa makini, kama anayesubiri kitu kitokee.

"Sawa, ipo moja," mwandishi akakiri. "Unakata simu kabla mtu hajamaliza."

"Hiyo ni kweli," alisema, akiuvua utepe wa kupimia shingoni na kumtia mkononi. "Kapime lile dirisha lako la magazeti, urefu na upana. Usikadirie. Halafu unipigie, na mimi nitasikiliza mpaka mwisho."