Sale ya Katikati ya Bustani

"Silantoi, ile sale iko wapi?"

Kaanaeli aliuliza akiwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, koti likimchuruzika maji. Masika ilikuwa imekaba Arusha kooni. Watalii hakuna, magari ya safari yameegeshwa, na dereva kama yeye alibaki kushinda gereji za mtaa wa Sakina akipiga soga na mafundi. Mkewe alikuwa mhudumu wa vyumba hotelini, na siku yake ya mapumziko aliimalizia kwenye bustani ya nyumba yao huku Sekei, mvua inyeshe isinyeshe.

"Sale ipi?" alijibu bila kuinua kichwa. Alikuwa anafukia mbegu za mnafu.

"Ya pale katikati."

"Ah, ile. Nimeing'oa. Nyie Wameru si mnapanda huo mti wa sale mipakani? Sasa mpaka gani huo wa katikati ya bustani? Kila nikilima naizunguka tu."

Alicheka. Mwenzake hakucheka.

"Umeiweka wapi?"

"Nimeitupa mtaroni. Maji yameshaondoka nayo."

"Ulichimba kina gani?"

"Unasemaje?"

"Nakuuliza jembe lilizama kiasi gani."

Hapo hata asiyejua kitu angejua kwamba swali hilo si la mboga. Silantoi aliinuka, tope limemfika magotini.

"Kidogo tu. Mnafu hautaki shimo. Kwani kuna nini, Kaana?"

Kaanaeli alimpita bila kumjibu. Akapiga magoti pale udongo ulipotifuliwa, akaanza kuusawazisha kwa viganja, taratibu, kama mtu anayemfunika shuka aliyelala. Kisha akainuka, akatoa simu, akaenda kusimama nyuma ya jiko.

Mvua iligonga bati, lakini masikio ya mke hayazibwi na mvua.

"Susana... Ndiyo, imeng'olewa... Hajui chochote, sikumwambia... Nisamehe."

Jamani, mume akijibanza nyuma ya jiko kumwomba msamaha Susana, wewe ungefikiri nini? Silantoi alifikiri hilo hilo. Akaingia ndani akakaa.

Kaanaeli alirudi, akaweka simu mezani, akaenda kunawa mikono. Ujumbe wa Susana ukaingia. Silantoi hakuwa na tabia ya kupekua simu ya mumewe, ila siku hiyo aliisoma bila aibu:

"Kesho asubuhi nakuja. Mwanangu namchukua mwenyewe. Siwezi kumwacha kwa watu wasiomjua."

Akaisoma mara ya pili. Mumewe alipotoka kunawa alimkuta ameishika.

"Kaana, una mtoto?"

Kaanaeli alitazama sakafu.

"Ninaye."

"Na Susana ni nani?"

"Alikuwa mke wangu."

"Uliniambia hujawahi kuoa."

"Nilikudanganya."

"Na huyo mtoto yuko wapi? Miaka miwili nalala kwenye nyumba hii, mtoto yuko wapi?"

Kaanaeli aliinua mkono akaonyesha dirishani.

"Pale ulipopanda mnafu."

Silantoi aligeukia dirisha. Alitazama mikono yake. Udongo ulikuwa bado kwenye kucha.

"Alizaliwa kimya," alisema Kaanaeli. "Hakulia hata mara moja. Sisi mtu wetu tunamzika nyumbani, na kichwani pake tunapanda sale. Susana alishindwa kuendelea kuishi hapa, akarudi kwao Usa River. Aliniachia kazi moja tu, niilinde ile sale."

"Na mimi ukaniacha nilime juu ya mtoto wako."

"Nilikuwa naogopa. Wewe ulikuwa unacheka, umekuja na mbegu zako. Nikasema nikikwambia utaona nyumba hii ina mkosi, utaondoka."

"Kila siku yangu ya mapumziko ulikuwa unasimama hapo mlangoni unaniangalia nikilima. Neno moja tu, Kaana. Lingekuua?"

Wahenga walishasema mficha uchi hazai, na Kaanaeli uchi wake aliuficha mpaka jembe likaufikia.

"Sasa nisikilize," alisema Silantoi, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Ule mnafu sikuupanda kwa tamaa ya mboga. Kliniki wameniambia nile mboga za majani. Nina mimba. Nilitaka kukwambia leo, tukiwa tunakula."

Kaanaeli aliteleza chini ukutani, akakaa sakafuni akilia kwa sauti. Silantoi hakumsogelea. Alimpenda, na siku hiyo kumpenda kulimuuma kuliko kumchukia.

"Mimi siwezi kubeba mtoto kwenye nyumba nilimolima juu ya kaburi la mtoto mwingine," alisema. "Huyo mama akinisamehe, nitakaa. Asiponisamehe, narudi Longido kwa mama yangu. Wala usinibembeleze."

Kulipokucha, upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu. Kaanaeli alikuwa ametoka bila kuaga. Silantoi alikuwa jikoni peke yake geti lilipogongwa.

Mwanamke aliyeingia alimzidi umri kidogo. Alikuwa na mwavuli, na kwapani shuka jeupe jipya lililokunjwa. Silantoi alijua shuka lile limeletwa kumbeba nani.

"Shikamoo dada."

Susana hakuitikia. Alipita moja kwa moja hadi bustanini, akasimama mbele ya tuta.

"Ni wewe uliyeing'oa?"

"Ni mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Sikujua."

"Kaanaeli yuko wapi?"

"Sijui. Nimeamka sijamkuta."

"Amezoea kukimbia huyo. Nipe jembe."

Silantoi hakulifuata jembe. Aliinama penye nyasi karibu na ukuta, akang'oa majani mabichi, akayashika kwa mikono miwili. Akapiga magoti kwenye tope.

"Hayo ya nini?" aliuliza Susana.

"Dada, mimi ni Mmasai wa Longido, sale kwetu haioti. Najua Mmeru aliyekosa anakuja na sale, na aliyeletewa hawezi kukataa. Mimi sale sina, niliyokuwa nayo niliitupa. Kwetu mkosaji anashika majani."

"Na aliyeshikiwa majani akikataa?"

"Kwetu hayakataliwi."

Mvua iliwanyeshea wote wawili. Susana alikuwa ameshusha mwavuli bila kujua. Alimtazama Silantoi usoni, kisha tumboni, ambako mkono mmoja ulikuwa umekwenda wenyewe.

"Una mimba?"

"Ndiyo, dada."

"Yeye anajua?"

"Nimemwambia jana."

"Alikwambia jina la mwanangu?"

"Hapana."

"Hakuthubutu kulitamka hata siku ile ya kuzika. Anaitwa Ndeshi."

"Ndeshi," alisema Silantoi.

Susana alifumba macho. Tangu mazishi, hakuna mtu mwingine aliyewahi kulitamka jina lile mbele yake. Alinyoosha mkono, akayapokea yale majani.

"Marahaba," alisema.

Geti likalia. Kaanaeli aliingia amelowa mpaka kifuani, mkononi ameshika sale iliyochanika majani, mzizi ukining'inia. Alikuwa ameufuata mtaro tangu alfajiri, mpaka kwenye kalvati la barabarani ambako takataka zilikuwa zimeinasa. Alipowaona wanawake wawili, mmoja amepiga magoti na mwingine amesimama na majani mkononi, alikwama palepale.

"Itashika?" aliuliza Silantoi.

"Sale haifi upesi," alijibu Susana, akaichukua. Akalitandika lile shuka jeupe juu ya tope, akapiga magoti.

Kaanaeli aliona kazi ya kufanya, akakimbilia jembe lililoegemea ukutani.

"Lirudishe," alisema Silantoi. "Hapa tunachimba kwa mikono. Na kabla hujagusa udongo, mwite mwanao kwa jina lake."

Kaanaeli alilirudisha jembe ukutani. Wanawake wale wawili walimngoja, hakuna aliyemsaidia.

"Ndeshi," alisema hatimaye.

Silantoi akamsogezea nafasi pembeni yake.