Nyuzi za Mama Tibbetts

Mpini wa sanduku ulikatika mbele ya meza ya kabichi, Jumamosi asubuhi, soko la Bull Ring likiwa limefurika watu. Sanduku lenyewe, refu na jeusi, likaangukia kreti la nyanya.

"Umemzika nani humo, binti?" muuza kabichi akapayuka.

"Bado nafasi ipo, kama unaitaka," alijibu Maxine Tibbetts.

Alikuwa na miaka ishirini na mbili, koti la mahameli ya zambarau la mtumba, buti za kiume, nywele nyekundu zilizolowa manyunyu. Aliyeinama kumsaidia alikuwa kijana mwembamba mwenye sweta lililotoboka viwiko na penseli nyuma ya sikio. Alifungua sanduku kuangalia kama kuna kilichovunjika.

"Gitaa la besi, nyuzi nne tu," alisema. "Pole, dada. Nyuzi nyingine mbili zimepotelea wapi?"

"Niliwapa watoto wachezee. Wewe lazima unapiga gitaa la kawaida. Nimekujua kwa mdomo."

Alicheka. Jina lake Roy Fewtrell, fundi katika duka la magitaa nyuma ya kituo cha mabasi cha Digbeth. Aliufunga mpini mpya bure, akaomba alipwe kikombe cha chai. Chai ikazaa chipsi, chipsi zikazaa sinema, na kabla mwezi wa Machi haujaisha Roy alikuwa akisimama kila jioni katika kibanda cha simu, akiilisha simu sarafu.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Na wewe uache kunipigia wakati wa chakula, Mama anasema utatufilisi chumvi, kila ukipiga namwaga."

"Mwambie mama nampenda."

"Mwambie mwenyewe. Anakuogopesha, eh?"

Kweli, alimwogopa. Mama Tibbetts alikuwa mwanamke mfupi, sauti kama mlango wa chuma.

Siku ya kuzaliwa ya Maxine ilipokaribia, waya mmoja ndani ya besi ulilegea. Maxine alilipeleka gitaa dukani kwa Roy Jumatatu asubuhi, akalichukua jioni akiwa na haraka, akakimbilia mazoezini. Bendi yao ya roki ilikuwa na watu wanne. Walipoanza wimbo wa kwanza, mpiga ngoma aliacha vijiti hewani.

"Max, hiyo ni besi au kengele ya baiskeli?"

Maxine akatazama chini. Nyuzi zilikuwa mpya, zinang'aa.

Kesho yake aliingia dukani bila hata salamu.

"Nyuzi zangu ziko wapi?"

Roy alitabasamu mpaka masikioni. "Umeziona! Heri ya kuzaliwa, laazizi. Zile zilikuwa nyeusi kama bomba la moshi. Mimi zangu nabadilisha kila wiki mbili."

"Nimekuuliza ziko wapi."

"Nimezitupa. Gari la taka limepita asubuhi."

Maxine alishika kaunta kwa mikono yote miwili.

"Mama yangu ndiye aliyezifunga, mwaka sitini na nne, alipokuwa akipiga kwenye kumbi za dansi. Miaka kumi na tano, Roy! Zimeshiba jasho, zimefifia, ndiyo maana zilikuwa na ule mngurumo. Kuna bwana wa London anayetafuta bendi za kuzungusha nchini, anakuja Jumamosi kuusikia. Alisema mwenyewe, anataka bendi inayonguruma kama lori linalopita chini ya dirisha. Akitukubali, tunazunguka nchi wiki sita, na mimi naaga kiwanda cha chokoleti. Akitukataa, Jumatatu narudi kufunga maboksi mpaka nizeeke."

"Sikujua, Max. Gitaa likiwa na nyuzi mpya—"

"Hukuuliza! Ulidhani besi ni gitaa lako lililonenepa."

Kengele ya mlango ililia nyuma yake.

Jioni Roy alipiga simu.

"Shikamoo, Mama Tibbetts. Maxine yupo?"

"Marahaba. Yupo. Hataki." Simu ikakatwa.

Alipiga tena.

"Bado hataki," alisema mama. "Lakini usikate. Mimi nataka. Wewe kijana, una akili?"

"Sina hakika, mama."

"Vizuri, tunaanzia hapo. Jasho langu la miaka kumi na tano limekwenda jalalani, sitalilia, jasho bado ninalo. Dukani kwenu kuna besi iliyokosa mnunuzi?"

"Ipo moja."

"Ifunge nyuzi bapa, zile laini zisizokwaruza. Kisha nunua chipsi. Kula kwa vidole, usinawe, piga. Ukimaliza, nunua nyingine, piga tena. Uzi wa besi hauzeeki kwa kuusubiri, unazeeka kwa mafuta na mikono. Una mpaka Jumamosi saa tatu asubuhi."

"Na Maxine?"

"Maxine niachie. Kanunue chipsi."

Roy alipiga. Alipiga kabla ya kufungua duka, alipiga wakati wa chakula, alipiga mpaka mwenye duka akaziba masikio kwa pamba. Siku ya pili malengelenge yalijaa, siku ya tatu yakapasuka, chumvi ya chipsi ikaingia humo humo. Muuza chipsi alimuuliza kama ana minyoo.

Jumamosi alisimama mlangoni kwa kina Tibbetts na nyuzi nne zilizoviringishwa ndani ya gazeti, zikinuka samaki wa kukaanga. Maxine alikuwa kwenye ngazi, roli za kuviringishia nywele kichwani.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Anatengeneza alichoharibu," alisema mama. "Vaa viatu."

Roy alibadilisha nyuzi juu ya meza ya jikoni, polepole, kama anayemvisha mtoto mchanga. Mama alichukua kisu cha mkate, akakata kipande cha sifongo la kuoshea vyombo, akakipachika chini ya nyuzi, karibu na mkia wa gitaa.

"Zamani sisi tulifanya hivi kuzima mlio wa kengele. Washa spika."

Maxine alipiga noti moja. Vikombe vilitetemeka kabatini. Akapiga ya pili, akafumba macho.

"Siyo zile," alisema Maxine.

Roy aliinamisha kichwa.

"Lakini ni za ukoo mmoja." Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Lete mikono. Mungu wangu! Umepiga siku zote hizi?"

"Usiku nililala kidogo. Max, hili dude ni zito! Mnawezaje?"

"Tunanyamaza, tunapiga. Pumbavu wee." Akavibusu vile vidole, mafuta na yote.

Saa sita mchana bendi ilipiga nyimbo nne katika chumba cha juu cha baa mtaani kwao. Roy alikaa kwenye ngazi za nje, akihisi mngurumo ukipanda kwenye mfupa wa makalio. Nusu saa baadaye Maxine alitoka, koti la zambarau begani, uso hauna habari.

"Alimsifu mwimbaji," alisema. "Akamsifu mpiga ngoma. Besi hakuitaja hata mara moja."

"Pole, kipenzi. Kosa ni langu."

"Pole ya nini? Nani anaingia nyumba nzuri akasifu msingi?" Uso wake ukafunguka wote. "Tumepata, Roy! Wiki sita!"

Roy aliruka kutoka ngazini.

"Na wanataka fundi wa kufuatana nasi," aliendelea Maxine. "Kubadilisha nyuzi za gitaa."

"Za gitaa tu?"

"Za gitaa tu. Zangu ukizigusa, nitakayembadilisha ni wewe."

"Na hizi zikidumu miaka kumi na tano?"

"Basi uwepo uzisikie."

Roy alimkazia macho. "Hiyo ni nini, Max? Unaniposa?"

"Mimi? Nani kasema? Kampigie Mama."

Alikimbia mpaka kibanda cha simu, sarafu zikimponyoka vidoleni.

"Shikamoo, mama. Wamekubaliwa! Na mimi, mama, nilikuwa nataka... yaani..."

"Marahaba," alisema Mama Tibbetts. "Nimekuelewa. Sasa kanawe mikono, ndipo uje kuposa."