Leso ya Kiunoni

Maji ya mfereji huishia uani katika ploti yao ya kupanga pale mtaa wa Mowlem, kwa hivyo kila Jumamosi asubuhi Nekesa na mamake huyapandisha kwa mitungi hadi orofa ya tatu. Jumamosi hiyo Nekesa hakutaka. Rafiki yake Jacky alikuwa akimngoja uwanjani wacheze.

"Mama, mgongo unaniuma," alisema, akijishika kiuno.

Mama hakuuliza mara mbili. Aliifungua leso anayojikaza nayo kila akibeba mzigo, akamfunga bintiye. "Pumzika, mama. Nitayabeba mwenyewe."

Uongo mtamu huo, lakini haukukaa sana. Katika mtungi wa nne Mama alipumzika ngazini. Alipouinua tena alijipinda kumpisha jirani, kitu kikamvuta kiunoni. Akaketi papo hapo, jasho likimtoka, asiweze kusimama.

Majirani waliwapeleka zahanati. Bi Wayua, mtaalamu wa viungo, alipomkaribia, Mama alimzuia kwa mkono. "Anza na mtoto, daktari. Yeye ndiye aliyeanza kuumwa."

Nekesa alitamani ardhi ipasuke immeze. Uso ulimwaka. Aliifungua ile leso.

"Siumwi," alisema akitazama sakafu. "Nilidanganya."

Mama aligeuza uso ukutani. Afadhali angemgombeza.

Bi Wayua alimpapasa Mama mgongoni taratibu. "Mfupa uko sawa. Kano ndizo zimevutika."

"Kano ni nini?" Nekesa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangana, na kano huzishikilia zisiteleze. Ni kama leso, ila hii iko ndani. Ukiinua mzigo huku umejipinda, unazivuta kupita kiasi. Piga magoti, kumbatia mzigo karibu na tumbo, geuka kwa miguu."

Kwa wiki tatu Nekesa alibeba maji peke yake, nusu mtungi kila safari, akipiga magoti vile alivyofundishwa. Hakulalamika. Kila alipomwona Mama akiinuka kitini kwa kujishikilia meza, aibu ilimrudia upya.

Jumamosi ya nne Mama alishuka naye, akamfunga leso kiunoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Kano zangu zimepona," alisema. "Sasa sikia. Sisi wawili tunashikiliwa na neno la kweli tu. Siku ukiniambia unaumwa, nataka nikuamini bila kukupapasa."

"Ndio, Mama," Nekesa alijibu, akapiga magoti kuinua mtungi.