Kijiko Kwenye Bomba

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mitende ya Basra, Hattab alipopanda juu ya paa kurekebisha antena, spana mfukoni. Chini alimwacha mama yake, Umm Naim, mbele ya televisheni, kijiko mkononi.

Kila baada ya magharibi, stesheni ya maadui ng'ambo ya mpaka ilionyesha mateka, mmoja mmoja, wakitaja majina yao. Miezi minane mama alikuwa akimtafuta Naim, mwanawe wa kwanza, aliyepotelea vitani, kwenye matope ya Fao. Kila jioni aliambulia chenga tupu kwenye kioo.

Kumpigia aliye paani kelele "hapo, hapo" kama watu wengine mtaani, thubutu. Jirani akijua unatafuta stesheni ile, umekwisha. Kwa hiyo mama aligonga kwa kijiko bomba la maji lililopanda hadi paani. Mara moja, geuza. Mbili, rudisha. Tatu, acha hapo hapo.

Hattab alianza na waya. Kiungo kilikuwa kimeshika kutu. Akakikwangua kwa kisu, akakifunga upya. Kisha akashika mlingoti, akaielekeza antena mashariki, uliko mpaka.

Ko.

Akageuza.

Ko.

Akageuza tena. Antena ilishapita mashariki. Akanung'unika kwamba mama leo ana lake.

Ko.

Sasa antena ilitazama kusini, iliko Fao. Kule hakuna stesheni. Kuna tope, na watu ambao hakuna aliyewazika. Harufu ya chumvi na tope bichi ikamjaa puani.

Ko... ko... ko.

Acha hapo.

Lakini safari hii mlio haukutoka chini. Ulitoka ndani ya tangi la maji, nyuma ya mgongo wake.

Hakugeuka. Aliteremka ngazi mbilimbili, nusura avunjike shingo. Mtaa mzima ulikuwa kiza, nyumba yao pia, isipokuwa kioo cha televisheni. Naim alikuwa pale, ang'avu, bila chenga hata moja. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yake, analia kwa furaha.

"Mama... kijiko kiko wapi?"

"Nilikirudisha jikoni. Umeme ulikatika ulipopanda tu, nikaona leo basi tena." Hakuondoa macho kwenye kioo. "Kisha akatokea mwenyewe. Kaa, mwanangu. Kaka yako yuko hai."

Naim akafumbua kinywa ataje jina lake. Yakatoka maji meusi ya tope, yakamchuruzika kidevuni, yasikome.

"Unamsikia?" mama alinong'ona.

Hattab alimtazama mama yake. Miezi minane hakuwa ameuona uso ule ukicheka. Moyo ulimuuma, akashindwa kusema alichokiona.

"Namsikia, mama."

Juu, kwenye tangi, kukagongwa.

Ko.

Mara moja tu.

Mama akageuka, akitabasamu, akamsukuma taratibu kuelekea mlangoni.

"Anataka ugeuze kidogo," alisema. "Panda."