Jabali Alilofia Dell

Haya yalimpata Marva Jorgensen, jirani yetu hapa Hanksville, na angenisimulia mtu mwingine nisingeyaamini.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Marva alikaanga mayai na viazi, akafunga mikate miwili yenye nyama, akampitia Thayne kwa pikapu yake. Huyu Thayne na Dell, kaka yake Marva, walikuwa na mapenzi ya kukwea vijabali vya jangwani. Si virefu sana, ila vimesimama wima pande zote, na utamu wake ni kutafuta mahali pa kupandia. Dell alifia juu ya kimoja, mguu umevunjika, hana kamba wala maji. Thayne alisema mbele ya waombolezaji wote kwamba siku ile hakuwa naye.

"Nataka nipaone alipolala," Marva alimwambia njiani.

"Sijui njia, Marva. Sijawahi kupanda lile."

"Basi tutaitafuta. Au magoti yameshazeeka?"

Thayne alicheka, lakini hakumtazama usoni.

Walilizunguka jabali. Ufa wa kwanza uliishia kwenye mwamba mtupu. Wa pili ulijaa mawe yaliyoporomoka kila walipoyagusa. Jua likazidi kupanda. Upepo ukakata.

Ndipo sauti ikasema kutoka juu, taratibu, kama ya mtu anayemwelekeza rafiki yake:

"Nyuma ya jiwe jekundu, Thayne. Kama siku ile."

Marva aliijua sauti hiyo. Alilelewa nayo nyumba moja.

Thayne alikuwa amepauka. "Umesikia?"

"Nimesikia," Marva alinong'ona. "Siku ile ipi?"

Thayne aligeuka aende kwenye gari, lakini miguu ikampeleka kwenye jiwe jekundu. Nyuma yake palikuwa na ufa mwembamba uliopanda mpaka kileleni. Akajitia humo, kamba begani, huku analia. Mikono yake haikupapasa hata mara moja. Ilijua pa kushika.

Akapotelea juu.

Kisha kamba ikaanguka miguuni pa Marva. Ilikuwa imekunjwa vizuri na kufungwa.

"Dell, nilikuwa narudi," Thayne alisema huko juu. "Nilitangulia kushuka na kamba ili tu watu wajue mimi ndiye niliyefika kileleni wa kwanza. Nilikuwa narudi."

"Keti," sauti ikamjibu. "Tungoje sote."

"Marva," Thayne akaita, sauti imekauka. "Siwezi kushuka. Ufa siuoni tena. Kaite watu."

Marva aliutazama ufa. Ulikuwa palepale, mweupe kwa jua. Akaiokota kamba, akaikung'uta vumbi, akaitia begani.

"Nitarudi," akamwambia.

Hapo Thayne akaanza kupiga mayowe. Marva alifika kwenye gari akiyasikia. Alipowasha injini akaisikia na sauti nyingine, ikicheka, kile kicheko cha Dell cha utotoni alichocheka kila alipomshinda mtu mbio. Alikula mikate yote miwili akiendesha. Tangu mazishi hakuwa amekula akasikia ladha.

Alikwenda polisi alipoona muda umetosha. Nao walipanda kwa ufa uleule, kwani hakuna njia nyingine. Juu hapakuwa na mtu. Hapakuwa na kiatu, wala kipande cha nguo, na chini ya jabali hapakuwa na maiti.

Palikuwa na shimo la mwamba, kama bakuli, limejaa maji hadi ukingoni. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu majira ya baridi. Askari mmoja alichovya kidole akaonja, kisha akatema. Yalikuwa ya chumvi kama machozi, na ya vuguvugu.

Kiangazi kimepita, na maji yale hayajapungua. Kunguru hutua ukingoni, wakayainamia, kisha wakaruka bila kunywa.