Dengu za Jokhan na Mifuko ya Zinki

Mambo yaliharibika Jumatatu, siku moja baada ya Chhath, sikukuu ya Wahindu ya kuabudu jua, watu wakijiandaa kupanda dengu. Lori la serikali lilishusha mifuko ya zinki ya kurutubisha mashamba. Wakubwa waliokuja nalo wakavishwa mashada ya maua, wakala peremende, wakaondoka. Zinki inatiwaje? Hawakueleza.

Jokhan akaichanganya na mbolea ya kupandia kwenye ndoo moja, kama kijiji kizima kilivyofanya. Akapanda.

Dengu zikavunwa, zikaliwa. Lakini mjukuu wake, Bitti, akabaki vilevile: mfupi, mnyonge, kuhara hakumwachi. Jokhan alishamzika mke. Hakutaka kuzika na mjukuu.

"Anapungukiwa zinki," nesi wa zahanati akasema, akampa vidonge. "Na chakula chake kiwe na zinki."

Jokhan akarudi nyumbani anafoka. "Zinki! Si tumeimwaga shambani? Wezi wale wametuletea chumvi!"

Jirani yake Dulari, wa kikundi cha mbegu, akacheka. "Chumvi imejaa kichwani mwako, shemeji. Uliichanganya na mbolea?"

"Tulichanganya sote! Wewe ulikuwa bubu?"

"Hata mimi nilichanganya. Nimefundishwa juzi tu kikundini. Zikikaa pamoja zinashikana, mmea unakosa zinki. Tangulia na zinki peke yake, ukilima mara ya mwisho. Mbolea ifuate na mbegu. Dengu zikitoa maua, pulizia majani: gramu tano za zinki kwa lita ya maji, na chokaa gramu mbili na nusu. Rudia zikifunga maganda. Iwe jioni, jua limepoa."

Akamgeukia Sugiya, mama yake Bitti. "Nawe, mwanangu, unampa nini mtoto?"

"Maji ya dengu, mama. Si ndiyo chakula cha watoto?"

"Na dengu zenyewe tunakula sisi wenye meno! Ziponde, umlishe."

Msimu uliofuata wakafanya hivyo. Kikundi kilipozipeleka dengu kupimwa, zinki ilikuwa imeongezeka. Bitti akala uji mzito wa dengu na wali. Kuhara kukapungua. Gauni likaanza kumbana. Sasa anafukuza mbuzi wa Dulari, na Dulari anamfukuza yeye.

Jokhan hakushukuru mtu. Akaenda moja kwa moja ofisi ya kilimo.

"Mzee, hongera," ofisa akamwambia. "Nasikia mtoto amepona."

"Amepona. Lakini mlijua zinki haichanganywi na mbolea?"

"Maelekezo yalichelewa kidogo, mzee."

"Kidogo! Mtoto amepoteza mwaka mzima wa kukua. Nani kati yenu atamrudishia?"